UZI: Kubuku safari nyingine ukiwa bado melini, ni ujanja au tunapigwa?

Deki ya Tisa (#1)
Wakuu salaam. Niko kwenye meli ya utalii sasa hivi, naandika kwa intaneti yao, tunashuka keshokutwa asubuhi. Jana jioni narudi chumbani nakuta karatasi kitandani, inasema ukibuku safari yako ijayo kabla hujashuka kianzio (ile hela ya kutangulia ya kushikia chumba) kinakuwa nusu na unawekewa dola 200 za kutumia humo ndani ukirudi. Mume wangu anataka twende leo leo nafasi zisiishe, mimi nasema tufike nyumbani tutulie, tulinganishe bei kwanza. Dawati lenyewe la kubukia lina foleni mpaka kwenye ngazi. Sasa swali langu, hiyo ofa ni ya kweli au bei imeshapandishwa halafu ndio tunapunguziwa? Na kama ni ya kweli, kwa nini wampe aliye ndani tu, aliye nje wasimpe?

Kiroboto (#2)
Dada hapo hujaosha sahani wiki nzima, kitanda unatandikiwa, mchana unalala. Kuulizwa kama unataka kurudi ukiwa kwenye hali hiyo ni sawa na kumuuliza bwana harusi siku ya harusi yake kama ndoa ni tamu. Shuka kwanza, isome bili ya mwisho ukiwa kwako, ndio uje utuambie kama bado unataka.

Mzee Kikokotoo (#3)
Kiroboto anachekesha ila sababu sio furaha, sababu ni hela. Carnival Corporation, wenye kampuni nyingi za meli hizi, walitangaza katikati ya 2024 kwamba wameshika dola bilioni 8.3 za wateja ambao bado hawajasafiri. Hizo hela hawazilipii riba hata senti. Meli zinauzwa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kabla, wengine zaidi, kwa hiyo hiyo dola 200 wanayompa huyu dada ni gharama ya mkopo na anayekopesha ni yeye. Nenda benki uombe mkopo kwa masharti hayo uone kama utapewa.

Msoma Mkataba (#4)
Shikamoo mzee. Rekebisho kidogo hapo, hiyo bilioni 8.3 sio vianzio peke yake, ndani yake kuna watu walioshamaliza kulipa wanasubiri tarehe tu. Halafu ni ya kundi zima, Princess, Holland America, Cunard, Costa, AIDA wote wako humo, sio Carnival yenyewe tu. Na hoja yako ina tobo, kama wangekuwa wanatafuta hela ya kukaa nayo wangekiongeza kianzio, mbona wanakikata nusu?

Mzee Kikokotoo (#5)
Marahaba. Nusu ya watu elfu tatu sio kidogo kijana. Ila sawa, nakubali kwamba kianzio kazi yake kubwa ni kumfunga mtu. Ukishaweka jina kwenye chumba huangalii tena kampuni nyingine.

Baharia Mstaafu (#6)
Mimi nimefanya kazi humo ndani miaka, upande wa huduma za abiria, sio dawati hilo ila tulikuwa jirani kabisa. Nyie mnaongelea riba na furaha, wale jamaa wana malengo ya mauzo na wanalipwa kamisheni. Kila safari wanaandika wameuza vyumba vingapi, na safari ikiwa mbaya kikao cha asubuhi kinakuwa kirefu. Karatasi za kitandani zinaongezeka siku za mwisho kwa sababu hiyo, hakuna siri kubwa hapo.

Dada Deki ya Tisa, kama unaenda usiende siku ya mwisho ya majini. Hiyo siku kila mtu hana pa kwenda basi wote wanajaa pale, unapewa dakika chache na mtu aliyechoka ambaye anataka jina lako aite anayefuata. Nenda siku meli imetia nanga bandarini na wenzio wameshuka kutembea, au kama siku hizo zimeshaisha nenda wakati wa chakula cha jioni. Unakaa kwenye kiti, wanakufungulia skrini, unaona vyumba vyote vilivyobaki kwenye mchoro.

Na faida ambayo watu hawaisemi ni hii: uko ndani ya meli! Kama unabuku meli hiyo hiyo au pacha wake iliyojengwa sawa nayo, andika namba ya chumba unachotaka, ondoka pale dawatini, panda mpaka hiyo deki usimame mlangoni. Sikiliza.

Chumba cha Ndani (#7)
Baharia umenena, hapo ndipo mimi huwa nafaidi. Mchoro wa deki unakuonyesha viboksi tu. Haukuonyeshi kwamba ule mlango usio na namba pembeni ya chumba chako ni stoo ya wahudumu na unaanza kubamizwa kabla hakujapambazuka, mikokoteni inaingia inatoka. Mimi nililala chini kabisa ya deki ya bwawa, alfajiri unasikia viti vinaburutwa juu ya kichwa chako kimoja kimoja, vinapangwa mstari, halafu vikishapangwa anakuja mwingine anavisogeza aoshe sakafu. Tangu hapo chumba changu lazima kiwe na vyumba juu na vyumba chini. Siku hizi naenda mwenyewe kwenye korido na simu, narekodi kelele, nikirudi dawatini najua ninachokitaka. Ukiwa nyumbani hicho kitu hukipati hata uwe na intaneti ya namna gani.

Na wanaopenda mbele kabisa kwa sababu ya mandhari, kumbukeni kelele za mnyororo wa nanga.

Kiroboto (#8)
Kurekodi korido 😂 😂 walinzi hawajakukamata tu

Chumba cha Ndani (#9)
Walinzi wananisalimia kwa jina.

Wakala Mdogo (#10)
Habari za humu. Naona jambo moja halijaguswa. Ukibuku pale dawatini haimaanishi umemruka wakala wako wa safari. Ukimtaja palepale wanamwingiza kwenye buku yako, na usipomtaja kampuni nyingi wanakupa muda wa kuhamishia kwake baadaye, wengine siku 30, wengine 60, mradi hujamaliza kulipa. Faida ni kwamba zile dola za melini unabaki nazo na wakala anaweza kukuongezea za kwake juu. Kwa hiyo usichague kati ya dawati na wakala, chukua vyote.

Kiroboto (#11)
Nilikuwa nasikia harufu ya kamisheni tangu post ya sita, kumbe ilikuwa njiani inakuja.

Wakala Mdogo (#12)
Kamisheni nalipwa na kampuni ya meli mkuu, bei ya mteja ni ile ile. Lakini sawa, endelea kucheka.

Msoma Mkataba (#13)
Hapo Wakala ametuondolea maelezo mengine. Nilikuwa naamini wanatoa ofa ukiwa ndani ili wakwepe kumlipa wakala. Kama buku inahamishika na wakala analipwa kama kawaida basi hawaokoi kitu hapo, labda kwa wale wanaosahau kuhamisha.

Baharia Mstaafu (#14)
Wanaosahau ni wengi kuliko unavyodhani.

Bi Mkubwa (#15)
Wanangu mnajichosha. Kianzio kinarudi. Mimi nabuku kila safari, nikifika nyumbani naangalia kalenda na wajukuu, nikiona haiwezekani nafuta na hela inarudi kwenye kadi. Sijawahi kupoteza. Deki ya Tisa mwanangu buku tu.

Lady Jahazi (#16)
Bi Mkubwa kwa heshima zote, hiyo ni kwa soko lako. Buku nyingi za Marekani ziko hivyo, ukifuta kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo mara nyingi ni kama siku 90 kabla ya safari, unarudishiwa, isipokuwa kama ulichukua bei ya kianzio kisichorudi. Sisi tunaobuku kwa bei za Uingereza kianzio kikishaingia kwa kawaida kimeenda. Meli moja, dawati moja, watu wawili wamekaa viti vilivyopakana, masharti tofauti kabisa kwa sababu ya anwani tu. Ndio maana mabishano haya hayaishi, kila mtu anasema ukweli wa kwake.

Bi Mkubwa (#17)
Ahaa. Hilo sikulijua. Basi aulize kwanza anwani yake iko upande gani.

Deki ya Tisa (#18)
Asanteni wote. Nimeenda dawatini wakati wa chakula cha jioni kama Baharia alivyosema, foleni hakuna kabisa. Majibu niliyopata: zile dola 200 ni kwa chumba, sio kwa mtu, na ni kwa chumba chenye kibaraza kwa safari ya usiku 7 au zaidi, chumba cha ndani wanapata chini ya hapo. Hiyo kwenye karatasi imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Bei nimelinganisha na tovuti yao palepale kwa simu, intaneti siku hizi haisumbui, na bei ni ile ile mpaka dola ya mwisho. Ila dada wa pale alivyonifungulia mara ya kwanza alinionyesha bei ya chini kidogo, nikauliza mbona hii nafuu, ndio akasema hiyo kianzio hakirudi. Kwanza hakusema.

Mzee Kikokotoo (#19)
Hakusema 🙂

Baharia Mstaafu (#20)
Anaanza na ya chini kwa sababu ndiyo inayouza. Sio mtu mbaya, ukimuuliza anakuambia. Neno la kuuliza ni hilo hilo: kianzio kinarudi au hakirudi, na nikitaka kubadili tarehe nakatwa ngapi? Kuna kampuni wanakata dola 100 kwa kila mtu kwenye bei za namna hiyo, chumba cha watu wanne hesabu mwenyewe.

Lady Jahazi (#21)
Na uliza kitu cha tatu, bei ikishuka baadaye itakuwaje. Kwa soko la Marekani kabla ya malipo ya mwisho mara nyingi ukipiga simu wanakurekebishia bei, lakini angalia sana, rafiki yangu bei ilishuka akafurahi akaomba arekebishiwe, wakamhamishia kwenye ofa mpya na zile dola za melini zikafutika kwa sababu zilikuwa za ofa ya zamani. Tofauti ya bei ilikuwa ndogo kuliko alichopoteza. Kwa hiyo kabla hujasema ndio, mwambie akusomee hesabu yote ya mwisho, sio bei ya chumba tu.

Kidole Juu (#22)
Kwani bei inashukaga kweli? Mimi niliambiwa ya kwanza ndio ya chini siku zote.

Wakala Mdogo (#23)
Inategemea. Meli mpya, sikukuu na likizo za shule, vyumba vya familia na vile vikubwa vya juu, hivyo kuwahi kunalipa kwa sababu viko vichache. Safari za kuhamisha meli kutoka eneo moja kwenda jingine misimu inapobadilika, hizo mara nyingi zinashuka karibu na tarehe. Na kuna Januari mpaka Machi kampuni zote zinashindana kwa ofa, aliyebuku Novemba akiwa melini anaweza kuona ofa nzuri kuliko yake.

Chumba cha Ndani (#24)
Na anayesafiri peke yake asisahau kwamba mara nyingi analipia kitanda cha pili ambacho hakuna mtu. Vile vyumba vya mtu mmoja ni vichache, vinaisha mapema. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu pekee ya kubuku ukiwa ndani, nyingine zote ni mapambo.

Msoma Mkataba (#25)
Mnaongea kama safari mnayobuku leo ndiyo mtakayosafiri. Kwenye mkataba kampuni inajipa haki ya kubadili bandari na kwa kawaida haikulipi fidia ya bandari iliyoondolewa, zaidi utarudishiwa ada ya hiyo bandari. Waliobuku mapema wakitaka kupita na meli kubwa katikati ya Venice, Agosti 2021 Italia ikazuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wa Giudecca, watu wakajikuta wanashushwa bandari nyingine, Trieste au Ravenna, na basi linawasubiri. Mwisho wa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yakaanza, safari za 2024 zilizokuwa zipite mfereji wa Suez zikazungushwa kusini mwa Afrika au zikafutwa kabisa. Miaka miwili ni mingi.

Na bei uliyofungiwa ni ya chumba. Kodi hazifungwi. Ugiriki kuanzia Julai 2025 imeweka tozo kwa abiria wa meli, Santorini na Mykonos msimu wa watu wengi ni euro 20 kwa kichwa. Mexico nao mwaka huo huo wakaanza na dola 5 na wameshapanga kuipandisha hatua kwa hatua mpaka 21 mwaka 2028. Kampuni ikiamua kukuongezea hizo ukiwa umeshabuku, mkataba unairuhusu.

Kiroboto (#26)
Mkuu wewe ukienda likizo unapumzika kweli?

Msoma Mkataba (#27)
Nasoma mkataba pembeni ya bwawa.

Pasi Mkononi (#28)
Mimi niongezee la viza maana wengi wetu humu ndipo tunapokwama. Ukibuku safari ya miaka miwili mbele, viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) huwezi hata kuiomba mpaka ibaki miezi sita. Maana yake hela ipo kule, jibu la ubalozi hujui. Na ukikosa viza kampuni inahesabu umefuta mwenyewe. Halafu safari za Mediterania zinazopita Uturuki zinatoka nje ya Schengen na kurudi, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi, unahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja. Angalieni na pasi yenyewe, kampuni nyingi zinataka iwe na miezi sita baada ya safari kuisha, sasa pasi yako ya leo itakuwa na hali gani siku hiyo? Kwa mtu wa namna yetu kianzio kisichorudi ni kamari, hata kama ni nusu.

Bi Mkubwa (#29)
Hili ni la maana kuliko yote yaliyosemwa.

Kidole Juu (#30)
Na kampuni ikifilisika je?

Mzee Kikokotoo (#31)
Imetokea. Januari 2022 meli ya Crystal Symphony ilitakiwa irudi Miami, jaji wa Marekani akawa ametoa amri meli ikamatwe kwa deni la mafuta, ikageuza ikaenda Bimini kule Bahamas, abiria wakapandishwa boti ndogo. Kampuni ikafungwa, walioweka vianzio wakabaki wanadai. Jina limefufuliwa baadaye na wenye hela wengine. Lipa kwa kadi ya benki inayokuruhusu kudai hela irudishwe, na bima nunua ya nje, isome kama inagusa kufilisika.

Na Machi 2020 meli ziliposimama kwa korona, kampuni kadhaa zilimpa mtu achague, hela yake arudishiwe yote au achukue hati ya safari ijayo yenye asilimia 125 ya alicholipa. Waliochukua 125 wengine wamesafiri wakafurahi, wengine hati ziliisha muda wakiwa wanasubiri.

Lady Jahazi (#32)
Kuna njia ya katikati, sijui kwa nini hakuna aliyeitaja. Princess wana kitu wanaita Future Cruise Deposit, unaacha dola 100 bila kuchagua meli wala tarehe, unachagua ukitulia nyumbani. Kampuni ya Norwegian wanauza ya namna hiyo, wanaiita CruiseNext. Royal Caribbean dawati lao linaitwa NextCruise.

Kiroboto (#33)
Subiri. Mmoja CruiseNext mwingine NextCruise?? Kuna mtu alilipwa kwa ubunifu huo.

Lady Jahazi (#34)
😂 ndio hivyo. Ila muulize kila mmoja masharti yake, zipo zinazorudi na zipo zisizorudi, na zina tarehe ya mwisho.

Chumba cha Ndani (#35)
Hizo za kuacha hela bila tarehe sizipendi. Mtu anarudi kwenye safari ambayo asingeenda ili asipoteze dola mia. Nimewaona.

Mzee Kikokotoo (#36)
Ndicho nilichosema post ya 5.

Kidole Juu (#37)
Nimesikia ukiwa na hisa za kampuni unapewa hela za melini kila safari, hata ukibuku nyumbani. Ni kweli?

Mzee Kikokotoo (#38)
Ni kweli, Carnival, Royal Caribbean na Norwegian wamekuwa nayo, sharti uwe na hisa 100. Carnival kwa safari ya siku 7 mpaka 13 ni dola 100 kwa chumba, inachanganywa na ofa nyingine nyingi.

Kiroboto (#39)
Yaani ninunue hisa mia nipate soda za bure. Mzee wewe ndiye unayewalipia ile mishahara ya dawati.

Deki ya Tisa (#40)
Nimerudi. Nilipokuwa nawasoma mume wangu kapanda na namba ya chumba kwenye kiganja cha mkono, kasimama korido dakika nyingi mpaka mhudumu akamuuliza kama amepotea. Anasema juu yake ni vyumba, chini vyumba, lakini upande wa kulia kuna lifti. Chumba kingine kilichobaki kiko mbele. Dawatini wametushikia hicho cha lifti mpaka kesho mchana bila kulipa. Nimeshawaambia nataka bei ya kianzio kinachorudi au basi. Swali jingine: tunataka mama mkwe aje pia lakini hajaamua, naweza kuweka jina lake sasa halafu nibadilishe?

Wakala Mdogo (#41)
Kampuni nyingi wanakubali kubadili jina kabla ya malipo ya mwisho mradi abaki mmoja wa waliobuku mwanzo. Ila akiwa mtu wa tatu hakikisha chumba kinaruhusu watatu, vingine sofa haifunguki kuwa kitanda. Na zile 200 haziongezeki kwa ajili yake.

Kiroboto (#42)
Mama mkwe kwenye sofa, usiku saba, karibu na lifti. Hapo kianzio kirudi kwa kweli.

Baharia Mstaafu (#43)
Lifti sio mbaya kama watu wanavyosema, kinachosumbua ni watu wanaosimama pale kupiga soga saa saba usiku. Pita leo usiku muda huo usikie. Na wakikuambia hakuna kianzio kinachorudi kwa chumba hicho, usibishane na yule wa asubuhi, rudi zamu ya jioni umuulize mwingine.

Msoma Mkataba (#44)
Chochote watakachokuambia kiwe kwenye karatasi ya uthibitisho kabla hujainuka kitini, soma mstari wa kianzio na tarehe ya malipo ya mwisho palepale. Na Mzee, bado hujanijibu la kukata kianzio nusu.

Mzee Kikokotoo (#45)
Nimekujibu mara mbili.